Kupanga Masomo ya Sekondari: Mzigo Upimwe Kabla ya Kubebwa

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu, twasema: somo letu la mara hii ni la jambo ambalo huamuliwa katika nyumba zetu kwa dakika chache, na athari zake zikadumu kwa miaka. Nalo ni kupanga masomo atakayoyachukua kijana katika skuli ya sekondari. Karatasi huletwa nyumbani. Baba huitazama akiwa na haraka ya kwenda dukani, mama humuuliza jirani mtoto wake amechagua nini, na kijana mwenyewe huandika yale waliyoandika rafiki zake. Kisha karatasi hurudishwa, na mzigo umekwisha kufungwa.

Makosa katika mlango huu ni mawili, na yote mawili twayaona katika miji yetu. La kwanza ni kupunguza mno: kijana mwenye uwezo huchagua yale anayoyadhania mepesi, akaja kujua baadaye kwamba mlango alioutaka umefungwa. La pili ni kuzidisha mno: kijana hubebeshwa kila somo lenye jina kubwa, na tuisheni juu ya masomo, na madrasa juu ya tuisheni, mpaka akawa hana hata moja alilolishika barabara. Kosa la kwanza limekwisha kusemwa sana. La pili halisemwi, kwa sababu kwa nje hufanana na bidii, na wazazi hulipongeza. Kwa hivyo ndilo tutakalolikazania leo, bila ya kulisahau lile jingine.

Neno letu lote ni hili: mzigo wa masomo hupimwa kwa saa, haupimwi kwa sifa. Mzazi asiyezihesabu saa za mtoto wake hajui amembebesha nini.

Walimu wetu walijua kupima

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mwalimu wa chuo hakumpa mtoto sura ndefu siku ya kwanza. Alianza na herufi, kisha irabu, kisha sura fupi za mwisho wa Kurani, na hakumpa sehemu mpya mpaka asikie ile ya jana inasomwa bila ya kusita. Na anayehifadhi Kurani ajua zaidi kuliko wengine kwamba sehemu mpya ya kila siku ni ndogo, na marejeo ya zile za nyuma ndiyo makubwa. Akizidisha mpya na kupunguza marejeo, baada ya mwezi huwa hana mpya wala ya kale.

Hali kadhalika darsa za fiqhi. Mwanafunzi wa pwani alisomeshwa Safina kwanza, kitabu kidogo, akakimaliza na kukifahamu. Kisha akapanda kwenye vitabu vya kati. Na Minhaji ya Imamu Nawawi ikaja baada ya hayo yote. Hakuwa mwanafunzi hodari yule aliyevifungua vitabu vyote kwa siku moja. Hodari ni yule aliyeulizwa juu ya kitabu alichokisoma akajibu. Basi kipimo hiki tulichokuwa nacho msikitini, kwa nini tukitupe mtoto anapoingia skuli?

Nchi nayo ilijifunza

Historia ya karibu inatupa funzo jingine. Mfumo wa 8-4-4 ulianza Kenya mwaka 1985, na mtihani wake wa mwisho wa sekondari, KCSE, ukafanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Katika miaka ile ya mwanzo mtahiniwa alitakiwa afanye masomo kumi. Malalamiko yakawa mengi: vitabu havikuisha, walimu walikimbia mbio, na watoto walichoka. Tume ya Koech, iliyotoa ripoti yake mwaka 1999, ilisema wazi kwamba mtaala ulikuwa umelemewa. Mzigo ukapunguzwa, hata ikawa mtahiniwa hulazimika masomo saba kwa uchache, na wengi wakafanya manane.

Tazameni basi: serikali nzima, pamoja na wataalamu wake, ilipanga masomo kumi na ikalazimika kuyapunguza. Na sisi katika nyumba zetu twachukua yale yaliyopunguzwa mchana tukayarudisha usiku kwa mkono wetu, kwa jina la tuisheni na somo la ziada. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza watoto kusomeshwa masomo ya ziada wakati wa likizo. Likizo iliwekwa ili mtoto apumzike.

Hesabu ya kwanza: karatasi za mtihani

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa KCSE, mtihani ambao watahiniwa wake wa mwisho ni wa mwaka 2027. Hisabati ina karatasi mbili. Kiingereza kina tatu: moja ya uandishi, moja ya ufahamu na sarufi, na moja ya vitabu vya fasihi na insha. Kiswahili nacho kina tatu: insha, lugha, na fasihi. Biolojia, Kemia na Fizikia, kila moja ina karatasi tatu, na ya tatu ni ya majaribio katika maabara. Elimu ya Dini ya Kiislamu ina mbili. Jumla ya masomo saba haya ni karatasi 19. Akiongeza Elimu ya Biashara, yenye karatasi mbili, zinakuwa 21. Akiongeza Historia na Serikali, yenye mbili vile vile, zinakuwa 23, zote ndani ya majuma machache ya mwisho wa mwaka.

Sasa tuulize: katika masomo hayo, ni mangapi yatakayohesabiwa katika daraja yake ya jumla? Tangu mtihani wa mwaka 2023 huhesabiwa saba tu: Hisabati, lugha moja aliyoifanya vizuri zaidi, na matano mengine aliyoyafanya vizuri zaidi. Kila somo lina alama 12 kwa juu kabisa, na jumla ni 84. Hapana alama ya 85, hata kwa aliyefanya masomo tisa.

Kwa hivyo somo la nane lina faida moja inayofahamika: ni akiba. Likianguka moja, la nane hulishikia nafasi. Ama la tisa ni akiba ya akiba, na bei yake hulipwa na yale saba. Kama kwa saa alizolitumia somo la tisa angaliweza kuipandisha Hisabati kutoka alama sita hadi nane, basi huyo amenunua hasara.

Hesabu ya pili: saa za wiki

Hii ndiyo hesabu kubwa, na twaomba kila mzazi achukue kalamu aiandike ya nyumba yake. Sisi tutatoa mfano wa kijana wa mjini anayekwenda skuli ya kutwa.

Wiki ina saa 168. Tutoe usingizi kwanza, kwa sababu wengi huutoa mwisho. Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza saa 8 mpaka 10 kwa usiku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Tukishika kile kidogo, saa 8, ni saa 56 kwa wiki. Zimebaki 112.

Skuli, tangu kutoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka kurudi saa kumi na nusu jioni, ni saa 10 kwa siku, yaani 50 kwa siku tano. Zimebaki 62.

Sala zisizoangukia katika saa za skuli, pamoja na kutawadha na mwendo wa msikitini, tuziweke saa 9 kwa wiki. Kula, kuoga na kufua, saa mbili kila siku, ni 14. Zimebaki 39. Madrasa, saa moja baina ya Magharibi na Isha kwa siku tano, na saa tatu tatu Jumamosi na Jumapili, ni 11. Zimebaki 28. Kazi za nyumbani, saa moja kwa siku, ni 7. Kuzuru jamaa na wagonjwa, harusi, maziko na mchezo, tuziweke 7 nazo. Zimebaki 14.

Saa 14, basi. Hizo ndizo mali yote aliyonayo kijana huyu kwa kudurusu peke yake, kufanya mazoezi aliyopewa na mwalimu, na kurejea ya nyuma. Tuzigawe kwa haki. Hisabati hutaka mazoezi ya kila siku, tuipe 3. Kemia 2 na nusu. Fizikia 2. Biolojia 2. Kiingereza 1 na nusu. Kiswahili 1. Elimu ya Dini ya Kiislamu 1. Jumla ni saa 13, na moja imebaki ya dharura.

Akiongeza Elimu ya Biashara kwa saa moja na nusu, amefika 14 na nusu: amepita kwa nusu saa, na kwa kubana kidogo yaweza kuvumilika. Akiongeza la tisa kwa saa moja na nusu nyingine, amefika 16. Kisha baba yake akimwandikisha tuisheni ya saa nne kila Jumamosi, amefika 20, naye ana 14 tu. Pana upungufu wa saa sita, na saa haikopwi kwa jirani kama chumvi. Itatoka wapi?

Sote twajua itatoka wapi. Itatoka katika usingizi kwanza, kwa sababu usingizi haugombi. Kijana atalala saa saba badala ya nane, na darasani atakuwa macho wazi na akili imefungwa. Na wataalamu wamethibitisha kwamba katika usingizi ndipo ubongo unapoyaimarisha yale yaliyosomwa mchana. Kisha itatoka katika madrasa: Jumamosi moja hakwenda kwa sababu ya tuisheni, ya pili hakwenda kwa sababu ya uchovu, ya tatu kwa sababu ya haya ya kuulizwa alikuwa wapi. Mwisho itatoka katika sala ya Alfajiri, isalishwe naye yu kitandani. Hakuna aliyeamua katika nyumba ile kwamba mtoto aache madrasa. Karatasi ya masomo ndiyo iliyoamua, na waliitia saini bila ya kuihesabu.

Hesabu ya binti

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Katika hesabu yetu tumeziweka kazi za nyumbani saa moja kwa siku. Hiyo ni hesabu ya kijana mwanamume, na katika nyumba nyingi hata hiyo ni nyingi kwake. Binti wa darasa lile lile, mwenye masomo yale yale, akirudi skuli hukuta jiko linamngoja, na vyombo, na ndugu wadogo wa kuogeshwa. Tukimhesabia saa tatu kwa siku, ni 21 kwa wiki badala ya 7. Zile 14 zilizozidi ni sawasawa na zile saa 14 zote za kudurusu. Yaani binti huyu anaingia katika mtihani mmoja na ndugu yake hali ya kuwa hana hata saa moja yake mwenyewe.

Kisha matokeo yakija, watu husema wasichana hawawezi sayansi, naye mtoto wala hakupewa nafasi ya kuijaribu. Akilemewa, wa kwanza kupunguziwa huwa ni Kemia na Fizikia, nayo ndiyo yanayofungua milango ya uganga na uhandisi. Sisi twasema mzigo wake upunguzwe jikoni kabla ya kupunguzwa maabarani. Kaka yake ana mikono miwili. Kufagia ua na kuosha sufuria hakutampunguzia uanaume, na katika sira ya Mtume wetu imepokewa kwamba alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake. Wakigawana, kila mmoja ana saa mbili za kazi na saa saba za kudurusu zimerudi kwa binti. Mpango wa masomo wa binti usioanzia na mpango wa kazi za nyumba ni wino juu ya maji.

Namna ya kupanga

Tukiisha kuhesabu, twaweza kupanga. Kanuni zetu ni sita.

Ya kwanza, anzia mwisho urudi nyuma. Mulize kijana alitakalo, kisha tazama masomo yanayotakiwa na njia hiyo. Atakaye kusomea udaktari hana budi na Biolojia na Kemia, pamoja na Hisabati au Fizikia, na lugha nzuri. Atakaye uhandisi hana budi na Hisabati, Fizikia na Kemia. Atakaye sheria ahitaji lugha zaidi kuliko maabara, na Fizikia kwake ni mzigo wa hiari. Kwa jumla, daraja ya C+ ndiyo kizingiti cha kuingia shahada ya chuo kikuu. Aliye na nia hubeba yaliyo ya lazima kwa njia yake na kuyaacha mengine kwa moyo mweupe. Asiye na nia hubeba yote kwa khofu.

Na njia si mbili tu, za daktari na wakili. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na chuo cha ufundi kilichojengwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, na watu walijivuna kupeleka watoto wao kujifunza ubaharia na umeme. Majengo yale yamekuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa tangu mwaka 2013. Fundi aliyeishika kazi yake ni bora kuliko msomi aliyelemewa akaachia njiani.

Ya pili, tazama ushahidi. Chukua ripoti za mihula minne, usichukue ya muhula mmoja. Somo ambalo alama zake zinapanda, hata kama ziko chini, lina matumaini. Somo linaloshuka muhula baada ya muhula licha ya bidii lauliza swali, na jibu lake lipatikane kwa mwalimu wa somo mwenyewe. Mzazi aende skuli akamwulize uso kwa uso, jirani hajui.

Ya tatu, masomo mazito yachanganywe na mepesi. Lakini uzito haujulikani kwa jina. Kiswahili ni chepesi kwa mtoto wa Mvita na Lamu katika kusema, na huenda kikawa kizito katika sarufi na fasihi. Wangapi wamekidharau kikawaangusha! Kila mtoto aandike mwenyewe, mbele ya kila somo, ni saa ngapi lilimtaka juma lililopita. Hiyo ndiyo mizani ya kweli.

Ya nne, pangia yanayosaidiana. Hisabati na Fizikia ni ndugu. Kilimo hukutana na Biolojia katika mimea na wanyama. Na hapa mtoto wetu ana neema asiyoijua. Anayesoma Kiarabu madrasa tangu utotoni akikichukua Kiarabu kuwa somo lake la nane, hakitamtaka saa moja na nusu nyumbani, huenda kikamtosha saa moja. Na hesabu yetu ya 13 ikawa 14 kamili. Elimu ya Dini ya Kiislamu nayo huchota katika kisima hicho hicho. Hapo madrasa imekuwa msaidizi wa skuli, haikuwa mshindani wake. Ila tahadhari moja: mtihani una muhtasari wake na namna yake ya kuuliza. Aliyetegemea ya madrasa peke yake, asitazame muhtasari, hushangaa siku ya mtihani.

Ya tano, acha nafasi tupu. Nahodha hajazi jahazi mpaka maji yakawa sawa na ubao. Huacha sehemu ya ubavu juu ya maji, kwa sababu ajua bahari haitabaki shwari mpaka afike. Mwanafunzi naye atauguliwa na bibi, atapata homa, mwalimu atahamishwa, na mvua ya masika itafunga njia. Mpango uliojazwa saa zote 14 huvunjika siku ya kwanza ya dhiki. Basi iachwe saa moja au mbili kwa wiki isiyo na jina.

Ya sita, tazama mwaka wote, usitazame wiki moja. Ramadhani za miaka 2026 na 2027 huangukia Februari na Machi, yaani katika muhula wa kwanza. Usiku una tarawehe na alfajiri ina daku. Zile saa 14 zitakuwa pungufu. Mwenye busara huyasukuma mazito mbele ya Ramadhani, akaweka marejeo mepesi ndani yake. Na anayetaka kuacha somo ajue kwamba usajili wa mtihani hufungwa mapema katika mwaka wa Kidato cha Nne. Baada ya hapo toba ya masomo haina mlango.

Mfumo mpya

Wenye watoto wadogo watauliza: haya yatuhusu nini, na 8-4-4 inaondoka? Twajibu kwamba hesabu ni ile ile. Mwezi wa Januari 2026 Gredi ya 10 iliingia kwa mara ya kwanza katika sekondari ya juu, na mwanafunzi huchagua njia moja katika tatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya sayansi za jamii; au ya sanaa na sayansi za michezo. Juu ya masomo ya lazima, huchagua matatu tu.

Matatu yaonekana machache, na mtu akadhani hatari ya kulemewa imekwisha. Haikwisha, imebadilisha sura. Kwanza, uchaguzi sasa huja mapema, katika Gredi ya 9, kijana akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano. Pili, nafasi zikiwa tatu, kila moja ni ghali: aliyezijaza zote kwa sayansi hana tena nafasi ya Elimu ya Dini ya Kiislamu wala ya Kiarabu ndani ya skuli. Kwake yeye madrasa ndiyo mahali pekee palipobaki, na ikimezwa na tuisheni, hakubaki kitu. Tatu, wazazi wakiona masomo ya skuli yamepungua, watataka kulijaza pengo. Pengo hilo lisijazwe. Limeachwa ili mtoto achimbe kwa kina.

Pingamizi na majibu yake

Husemwa: wazee wetu walisoma kwa mwanga wa kibatari na hawakulalamika. Twajibu: ni kweli, na walisoma kitabu kimoja mpaka mwisho. Tuwaige katika hilo pia.

Husemwa: mtoto wa fulani amechukua masomo tisa na amefaulu yote. Twajibu: Mwenyezi Mungu hakuwaumba watu kwa kipimo kimoja. Wako wawezao, na asiyekuwa na dalili za kulemewa asizuiliwe. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: waliuona ufaulu, hawakuuona usiku wa yule mtoto, wala hawakuwauliza waliochukua tisa wakaanguka.

Husemwa: basi madrasa ipumzishwe miaka miwili, atarudi baada ya mtihani. Hili ndilo zito zaidi, na husemwa na watu wema. Twajibu: anayetoka madrasa akiwa na miaka kumi na sita, na kurudi akiwa na kumi na minane, hurudi amewapita kimo wenzake wa darasa, akaona haya, akaacha. Tena hizo saa 11 zikifunguliwa, hazitakwenda kwenye Kemia zote; nyingi zitakwenda kwenye simu. Lililo bora ni mzazi, mwalimu wa madrasa na kijana wakae pamoja wapunguze kwa mapatano: katika mwaka wa mtihani ahudhurie siku tatu badala ya saba, au abaki na marejeo bila ya somo jipya. Kamba ilegezwe, isikatwe. Na walimu wa madrasa nao tunawaomba wasione kwamba kulegeza ni dharau.

Dalili za mzigo uliozidi

Mzazi akiona haya, asingoje ripoti: kijana hulala na kitabu usoni kila usiku, huamka bila ya nguvu, kazi alizopewa huzinakili kwa mwenzake asubuhi, husema tumbo au kichwa chamuuma kila siku ya jaribio, ameacha mchezo alioupenda, na akiulizwa amesoma nini leo, hutaja kurasa wala hawezi kueleza maana. Moja ya hizo yaweza kuwa sababu nyingine. Zikikutana tatu, mzigo uteremshwe, upimwe upya, na kitu kiondolewe. Kuondoa somo moja kwa wakati wake si kushindwa. Baharia hutupa shehena baharini akaokoa chombo na watu, na hakuna amtukanaye akifika bandarini.

Maswali ya kuzungumzwa katika duara

1. Kila mmoja aandike hesabu ya saa 168 za mtoto mmoja wa nyumba yake. Zimebaki ngapi za kudurusu?
2. Katika nyumba zetu, kazi za jikoni zimegawanywa vipi baina ya wavulana na wasichana? Ni nini kiwezacho kubadilishwa wiki hii?
3. Ni masomo gani ya madrasa yetu yanayoweza kumsaidia mwanafunzi katika mtihani wa skuli, na walimu wa pande mbili waweza kukutana vipi?
4. Kijana ana uwezo wa wastani, apenda kazi za umeme, na baba yake amtaka awe daktari. Mtamshauri nini baba, na mtamshauri nini kijana?

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, afya ya kuibeba, na wazee wenye macho ya kupima. Amin.